Ukigeuza chombo, angalia kwanza mwili wa mtu



Leo nataka kuongea nanyi juu ya theluji. Najua wengine watacheka. Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, tunajua mvua ya mwezi wa kumi na mbili, tunajua vumbi jekundu, tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Theluji tunaiona kwenye picha tu. Basi inaingia namna gani katika ukurasa wa usalama na afya?

Inaingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza: si nyumba chache za wafanyakazi zilizo na mtoto, ndugu au shemeji aliyehamia Kanada. Huko theluji si picha. Ni kazi ya kila asubuhi, na kazi hiyo inavunja watu. Mlango wa pili: watu wa kule wana kazi moja wanayoifanya na trekta ya zamani, nayo inafanana sana na kazi za mafundi wetu wa atelie. Wanachukua chombo kilichotengenezwa kwa kazi moja, wanakigeuza kifanye kazi nyingine.

Fikra yangu naisema mapema, ili msinitafute. Kugeuza chombo si kosa. Ni akili. Lakini siku ulipokigeuza, kimekuwa chombo kipya, hata kama rangi yake ni ile ile. Chombo kipya kina hatari mpya. Mwenye kukigeuza ndiye mwenye deni la kuzitafuta hatari hizo, kabla hazijamtafuta mtu.

THELUJI INA UZITO

Anayeiona theluji kwenye picha anafikiri ni pamba. Tufanye hesabu. Kule nyumba nyingi za nje ya mji zina kanjia kadogo kanakotoka barabarani mpaka mlangoni, na mara nyingi kanjia hako ni ka changarawe, si ka lami. Tuseme kana urefu wa metre 30 na upana wa metre 3. Usiku mmoja theluji inaanguka sentimetre 20. Hiyo ni metre kubiki 18. Theluji laini, metre kubiki moja inaweza kufika kilo 100. Basi mbele ya mlango wako kuna kilo 1,800. Ikiwa imelowa maji, uzito unaweza kuongezeka mara tatu. Na huko Montréal, theluji ya mwaka mzima ukiijumlisha inafika karibu metre 2.

Mtu mwenye koleo ananyanyua kama kilo 6 kila mara. Atainama na kunyanyua mara 300. Anafanya hivyo asubuhi, katika baridi kali, pengine hajala kitu. Baridi inakaza mishipa ya damu. Moyo unasukuma damu katika njia iliyokuwa nyembamba, na wakati ule ule mikono na mgongo vinadai damu nyingi zaidi. Mwenye presha, mwenye kuvuta sigara, mwenye miaka 50 na zaidi ambaye mwaka mzima alikaa kitini, huyo yuko karibu na shimo.

Katika Marekani walihesabu ajali za koleo la theluji toka mwaka 1990 mpaka mwaka 2006. Kila mwaka watu kama 11,500 walifika kwenye lupitalo kwa sababu ya koleo. Wengi ni mgongo. Katika miaka hiyo 17 walikufa watu zaidi ya 1,600, na waliokufa wote walikufa kwa moyo. Koleo, ndugu zangu! Si dinamiti.

Kwa hiyo mtu akisema, "Nitafunga bamba nyuma ya trekta yangu nisukume theluji kwa masini," mimi simzuii. Anaponya moyo wake na mgongo wake. Anayemwambia aache masini arudi kwa koleo hajahesabu vizuri.

BAMBA NA CHANGARAWE

Bamba hilo ni kama lile la niveleze mnayoiona katika karieri ikisawazisha njia za malori, lakini ni dogo. Linaning'inia nyuma ya trekta kwa mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Mikono ya chini inainuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta. Bamba lina upana wa metre moja na nusu mpaka mbili na zaidi kidogo, limepinda kama kiganja, na chini lina makali ya chuma kigumu. Linaweza kuzungushwa upande kwa kutoa pini, hata kugeuzwa kabisa mgongo uangalie mbele. Lilitengenezwa kukwangua udongo na kusawazisha njia.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Makali yaliyotengenezwa kukwangua hayajui tofauti ya theluji na changarawe. Yanachukua vyote. Theluji ikiyeyuka, mwenye nyumba anakuta changarawe yake yote imelala kwenye majani, na njia imebaki matope. Tena changarawe iliyorushwa kwenye majani inangoja masini ya kukata majani, na hapo kila jiwe linaweza kuruka kama risasi.

Mafundi wa kule wamepata njia nyingi za kugeuza bamba. Nitazitaja nne.

Ya kwanza haina gharama: kuligeuza bamba mgongo mbele. Mgongo uliopinda haukwangui. Unapanda juu ya changarawe na kuacha theluji kidogo chini. Theluji hiyo inakanyagwa, inaganda, na inakuwa kama kifuniko kinachoshika changarawe mpaka mwisho wa baridi.

Ya pili: kufunga viatu vya chuma pande mbili za bamba, ili makali yabaki juu ya ardhi sentimetre 2 au 3.

Ya tatu ndiyo inayonipendeza kwa akili yake. Wanachukua tiyo ya chuma yenye unene wa sentimetre 6 au 8, urefu sawa na bamba. Wanaipasua upande mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, nafasi ya kutosha kuingiza makali. Kisha wanaivisha bamba kama kiatu na kuikaza kwa buloni. Chini ya tiyo ni mviringo, kwa hiyo bamba linateleza juu ya changarawe kama mtumbwi juu ya Lualaba.

Ya nne wafanyakazi wetu wataielewa upesi. Wanachukua kipande cha mkanda wa mpira, ule unaobeba mawe katika kiwanda, wanaukaza kwa buloni mbele ya makali ili mpira ushuke chini kuliko chuma. Mpira unafagia, haukwangui. Lakini hauna nguvu mbele ya barafu iliyoganda.

Mbele ya kazi hizo nne fundi anauliza: changarawe ilibaki mahali pake? Likibaki, anafurahi. Mimi si fundi wa chuma. Kazi yangu ni miili ya watu, na mimi nauliza swali la pili: mtu naye alibaki mzima?

HATARI MPYA ZA CHOMBO KIPYA

Angalieni sasa. Zamani mwenye trekta alifunga bamba na kwenda. Hakuwa na sababu ya kulala chini yake. Sasa anataka kuvisha tiyo, basi analiinua bamba juu na kuingia chini na ufunguo wa buloni. Bamba lina kilo zaidi ya 100, na linashikwa na mafuta tu. Tiyo ya mafuta ikipasuka, au mtoto akigusa mkono wa kushushia, bamba linaanguka wakati ule ule. Halitangoja utoe vidole. Sheria ni moja, kule na huku: mafuta yanainua, hayashiki. Shusha bamba juu ya magogo yenye nguvu, zima moto, weka ufunguo mfukoni mwako, ndipo uingize mkono.

Hatari nyingine ni moshi wa kusudere. Wengine hawatumii buloni, wanaunganisha tiyo na bamba kwa moto. Kama tiyo ni ya maji, ile inayong'aa nyeupe, imepakwa zinki. Moto wa kusudere unageuza zinki kuwa moshi mweupe. Fundi anauvuta, anamaliza kazi, hajisikii neno. Saa chache baadaye, jioni, anatetemeka, ana homa, kichwa kinauma, mdomoni ana ladha ya chuma. Wengi wanasema ni mafua. Huku kwetu mtu atasema ni malaria, na atameza dawa ya malaria. Homa ya zinki kwa kawaida inapona katika siku moja au mbili, lakini malaria haingojwi. Kwa hiyo wewe unayesudere, ukifika kwenye dispensari na homa, mwambie muganga kazi uliyoifanya siku ile, kisha ukubali kupimwa damu. Na kabla ya hapo: ondoa zinki mahali pa moto, fanya kazi nje, simama upande upepo unakotoka. Ukiisaga zinki, vaa miwani na kinga ya pumzi.

Tena uzito. Tiyo hiyo inaweza kuongeza kilo 15 au 20 nyuma ya trekta. Trekta ndogo ikiinua bamba, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hausikii vizuri. Juu ya barafu ni mbaya zaidi. Anayeongeza uzito nyuma aongeze na mbele.

Tena namna ya kwenda. Bamba la nyuma lilitengenezwa kuvutwa. Lakini katika theluji watu wanapenda kurudi nyuma nalo na kusukuma, maana hawataki kukanyaga theluji kwa magurudumu. Bamba likigonga jiwe lililogandishwa na ardhi, nguvu yote inarudi katika mikono mitatu. Mikono inapinda, na dereva anarushwa juu ya kiti. Anayesukuma kinyumenyume aende polepole kama mtu anayetembea. Naye anakaa saa nzima amegeuza shingo nyuma. Kesho yake shingo haigeuki. Apumzike, ashuke, anyooshe mgongo.

Tena nani yuko nyuma. Watoto wanapenda theluji kama wetu wanavyopenda kuogelea katika mvua. Wanachimba vishimo vya kujificha katika chungu za theluji, pale pale bamba linapomwaga. Wamefunika masikio kwa kofia, hawasikii masini. Kabla trekta haijawashwa, mama mmoja awahesabu watoto ndani ya nyumba. Na hakuna mtoto wa kubebwa juu ya trekta, hata akilia.

Tena mfereji. Theluji inafunika mfereji wa pembeni, unaona kila mahali ni sawa. Gurudumu linaingia, trekta inapinduka. Wenye akili wanasimika vijiti virefu pande mbili za njia kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Na trekta iwe na fremu ya chuma juu ya dereva. Sweden iliweka sheria hiyo kwa trekta mpya mwaka 1959, kwa sababu madereva walikuwa wakifa chini ya trekta zao. Fremu ikiwepo, dereva afunge mkanda, asirushwe nje.

Mwisho, moshi wa garaji. Asubuhi ya baridi mtu anawasha trekta ndani ya garaji iliyofungwa, aipashe moto. Moshi ule una sumu isiyo na harufu wala rangi. Unaingia katika damu mahali pa hewa safi, na mtu analala asiamke. Akina mama, sumu hiyo ninyi mnaijua kwa jina lingine. Ndiyo ile ya mbabula yenye makala inayoingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango na dirisha vimefungwa. Trekta ya Kanada na mbabula ya kwetu zinaua kwa kitu kimoja. Mbabula ikae nje, siku zote.

WANAOSEMA "AJALI HAINA KINGA"

Nikisema hivi, watu wa namna mbili wananipinga.

Wa kwanza anasema: "Basi tusiguse kitu. Chombo kikae kama kilivyotoka kiwandani." Huyo ana heshima kwa chombo, lakini anasahau kwamba hata mikono mitatu inayoshika bamba ilitoka kwa mtu aliyegeuza kitu. Zamani trekta ilivuta jembe kwa nyuma kama gari linavyovutwa. Jembe likinasa katika jiwe au kisiki, magurudumu yanaendelea kusukuma, pua ya trekta inainuka, na trekta inampindukia dereva. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, aliona hatari hiyo. Akalifanya jembe na trekta kuwa kitu kimoja kwa mikono, na mwaka 1939 kampuni ya Ford ilianza kuuza trekta yenye mikono yake. Namna hiyo imeenea ulimwengu mzima mpaka leo. Ferguson alitaka kulima vizuri, lakini aliangalia pia mtu aliye juu ya kiti. Ndiyo sababu namtaja.

Wa pili anasema: "Ajali haina kinga. Kama siku yako imefika, imefika." Neno hilo nalisikia katika matanga, nalisikia katika chumba cha kufunga vidonda. Nalikataa. Mvua kubwa inayoanguka ghafula pengine haina kinga. Bamba linaloanguka juu ya mkono wa mtu lina kinga, na kinga yake ni gogo la mti. Moshi wa zinki una kinga, na kinga yake ni kuondoa zinki na kufanya kazi nje. Mtoto aliye nyuma ya trekta ana kinga, na kinga yake ni mama anayehesabu. Tukisema haina kinga, mara nyingi maana yake ni kwamba kinga ilikuwako, ila tulikuwa na haraka.

MASWALI MATATU

Sasa turudi kwenye atelie zetu, maana theluji haitatufuata huku, lakini desturi ya kugeuza vyombo tunayo sana. Buloni ikikataa, tunavisha tiyo kwenye mkono wa ufunguo ili uwe mrefu. Ufunguo ulipimwa kwa nguvu ya mkono mmoja. Sasa unapata nguvu mara mbili au tatu, unateleza au kuvunjika, na meno ya mtu yanatoka. Kizuizi cha mkanda kinatusumbua wakati wa kufagia, tunakitoa, hatukirudishi. Pipa lililokuwa na mafuta tunalikata kwa moto tupate kinu cha maji, na mvuke uliobaki ndani unalipuka. Kila mara chombo kimegeuka, lakini namna yetu ya kukitumia haikugeuka.

Kabla ya kugeuza chombo chochote, ulize maswali matatu, na uyaulize kwa sauti, mwenzako akisikia.

Moja: nguvu sasa inapita wapi? Ikiwa zamani chombo kilivutwa na sasa kinasukumwa, ni kitu gani kitapinda kwanza?

Mbili: nani atasimama karibu nacho ambaye zamani hakusimama pale?

Tatu: kikianguka, kikivunjika au kikitoa moshi, kitamkuta wapi mtu?

Kama huna jibu la moja katika hayo matatu, usiwashe moto bado. Mwite kapita. Kumwita kapita si aibu. Aibu ni kumpelekea bibi wa mwenzako habari mbaya kwa ajili ya tiyo ya metre mbili.

Na wewe mzazi uliye na mtoto Kanada, safari hii ukiongea naye katika simu usiulize pesa tu. Umwambie: "Mwanangu, kama unaondoa theluji kwa koleo, nenda pole, ubebe kidogo kidogo, na kifua kikikuuma, au maumivu yakienda kwenye mkono au taya, acha mara moja uite msaada. Kama ni kwa trekta, usiingie chini ya bamba lililoinuliwa, usiwashe masini ndani ya garaji iliyofungwa, na uangalie nyuma." Atashangaa baba yake wa Likasi alijua wapi mambo ya theluji. Mwambie umeyasoma katika gazeti la wafanyakazi.

Kazi njema, ndugu, na wote mrudi nyumbani wazima.